Kunde kwenye Mbavu za Shamba

Harufu ya utomvu wa muhogo mbichi hainiachi. Hata darasani, chaki mkononi, ikinijia tu namwona mama ameinama kwenye shamba tulilopewa Quitunda, kijiji cha nyumba za matofali walikohamishiwa watu waliotolewa kwenye ardhi ya gesi. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa kuwa mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, hesabu zote za nyumbani zilikuwa zangu. Nilijiona sana, sikufichi.

Shamba letu lilikuwa mraba, hatua ishirini kwa ishirini. Mwaka ule tuliruhusiwa kulipanua hatua tatu kwa pande mbili, na shangazi aliyekaa Mbau akakubali kutukatia mbegu, yaani vijiti vya muhogo, kimoja kwa kila hatua. "Nimwambie vingapi?" mama akaniuliza, simu mkononi. Wiki ileile mwalimu alikuwa ametufundisha mraba wa jumla ya namba mbili, basi nikajibu bila kupepesa macho: ishirini mara ishirini mia nne, tatu mara tatu tisa, jumla mia nne na tisa. Shangazi akatuma hivyohivyo, vilivyobaki akawagawia majirani zake.

Tulipanda asubuhi nzima, ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua ya kwanza. Mraba wa zamani ulipojaa, vikabaki vijiti tisa. Mama akavitazama, kisha akanitazama mimi. "Hivi navyo vinakwenda wapi?" Nikamwonyesha kona ya mbali kwa madaha yote, tukavichomeka pale, tatu kwa tatu, vikakaa peke yao kama watoto waliofukuzwa mchezoni. Pande zote mbili za kona ile palibaki ardhi tupu.

Mjomba, kaka yake mkubwa mama, alipita akacheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka akasema juu ya shule yangu neno lililonikata maini: "Dada, skola yenyewe ndiyo hii? Mtoe, ashike jembe." Neno lake lilikuwa zito kwetu, na mimi nilijua mama anahitaji mikono kweli. Nililia kwa aibu, na zaidi kwa hofu.

Mama akaniambia nilichore shamba mchangani. Yeye amesuka mikeka tangu utoto, na alipoutazama mchoro hakukawia. "Umesahau mbavu," akasema. "Mkeka ukiuongeza pande mbili, unashona kipande huku, unashona kipande huku, ndipo unaziba kona. Wewe umeziba kona tu." Mbavu mbili, kila moja ishirini mara tatu: sitini na sitini. Tulipungukiwa vijiti mia na ishirini. Kisha akamgeukia mjomba. "Kaka, kosa lake nimeliona mimi nisiyesoma. Akisoma ataliona mwenyewe. Kesho anakwenda skola."

Mbegu nyingine ya muhogo hatukupata, kwa hiyo kwenye zile mbavu tulipanda kunde, tukala kunde mpaka nikazichukia. Lakini kwenye mtihani ilipokuja x² + 6x + 9, nililiona shamba letu lote: mraba mkubwa, mbavu mbili zenye upana wa tatu, kona ya tisa. Nikaandika (x + 3)² nikitabasamu peke yangu.

Leo nafundisha hesabu. Kila mwaka wanafunzi wangu huandika kuwa (a + b)² ni a² + b², nami siwachekei. Nawachorea shamba, nawauliza kunde ziko wapi, na wao wenyewe wanaiona 2ab iliyopotea. Namshukuru mama kila mara, na darasa zima linalijua jina lake.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona. Siku hizi ana mbegu ya muhogo ya kutosha hata kugawa, lakini zile mbavu mbili bado zina kunde. Nikamuuliza kwa nini hapandi muhogo shamba zima.

"Hapo ndipo nilipokataa utolewe skola," akasema. "Pakae hivyohivyo."

Nikachukua jembe, nikaanza kupalilia kunde.