Albamu Iliyojulikana Bila Kununuliwa

Wifi yangu alitoka Bungoma kuja kuolewa na kakangu huku Kitale, na kabla hajajua tunapoweka chumvi, nilimsikia akifoka mistari ya rap huku anafua. Alikuwa anapiga beseni kwa kiganja na kutunga mistari kuhusu sabuni isiyotoa povu. Mimi nilikuwa na saluni ndogo mtaani Tuwan, na tangu shule ya upili nilikuwa nikiandika mistari ya hip-hop nyuma ya daftari bila kumwonyesha mtu. Siku hiyo nilimwonyesha. Alisoma, akacheka, akasema, "Wifi, hii tuiimbe bana. Isiozee hapa."

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, blanketi zimepigiliwa ukutani. Prodyusa alikuwa mtu mpole ambaye pia alitengeneza redio. Tulirekodi nyimbo tisa. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mwanamke aliyechekwa na majirani kwa kuchelewa kupanda mahindi, kumbe mvua nayo ilichelewa, akavuna kuliko wote. Kiitikio nilikiandika hivi: "Polepole si kulala." Wifi aliposhika maikrofoni kikatoka, "Porepore si kurara!"

Prodyusa alimsimamisha. "Dada, ni polepole."

"Si ndiyo nasema? Porepore."

Walirudia mara saba. Mwishowe prodyusa alivua vipokea sauti, machozi ya kicheko yakimtoka. "Tuache hivyo hivyo," alisema. "Hata mimi sasa nakipenda."

Tulichapisha CD mia moja, zikajaa katoni moja. Mamangu alinunua ya kwanza, ingawa hana hata mashine ya kuichezea. Pasta alinunua ya pili ili kututia moyo. Wateja wangu wa saluni walisikiliza, wakaruka, wakacheza na vitana vikiwa vimening'inia kichwani, kisha kila mmoja akasema, "Nitumie kwa WhatsApp." Nami kwa furaha nikawatumia, mjinga mimi.

Baada ya hapo kile kiitikio kilianza safari zake bila sisi. Mwanabodaboda mmoja alikiandika kwenye tandiko la pikipiki. Mwalimu wa chekechea aliwaambia maneno hayo watoto wanaoandika taratibu. Pasta alikihubiri Jumapili nzima, na tena alikisema kwa r, kanisa likaitikia kwa r. Lakini katoni ilikaa pale pale chini ya kiti cha saluni, na kila nikifagia niliisukuma kando kwa mguu.

"Twende kwetu," wifi alisema. "Bungoma watanunua. Mimi ni mtoto wa kule."

Tulienda siku ya soko na begi la CD hamsini. Tulizunguka asubuhi yote. Watu walitusalimu vizuri, wakatuuliza habari za Kitale, hawakununua. Saa sita mzee mmoja alichukua CD, akaigeuza juani, akalipa bila kusita. Wifi alinifinya mkono kwa furaha.

"Mzee, utapenda wimbo wa kwanza," nilimwambia.

"Wimbo?" alishangaa. "Hii nafunga kwa shamba ya wimbi ya uji. Inang'aa vizuri, ndege wataogopa."

Tulicheka mpaka tukaketi chini, karibu na mama aliyeuza nyanya. Hapo ndipo mteja mmoja alipoanza kumharakisha yule mama, naye bila kuinua macho kutoka kwenye mizani akamjibu, "Porepore si kurara, mama. Ngoja nikupimie."

Tulitazamana. Wifi alimsogelea. "Mama, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Ni ya zamani hayo. Hata nyanya yangu alikuwa anasema."

"Mama, ni yetu! Tumeyaimba sisi wawili!"

"Ati nyinyi?" Alitupima kutoka kichwani hadi viatuni. "Haya, imbeni nisikie."

Nikapiga makofi, wifi akaanza. Ubeti wa kwanza mama wa nyanya alikuwa bado amekunja uso. Ubeti wa pili jirani yake, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alijiunga. Alijua kila neno, hata mahali tunapovuta pumzi. Tulipofika kwenye kiitikio sikusikia tena sauti yangu. Safu nzima ya wauzaji ilikuwa inaimba, wengine wakigonga madebe, na yule mzee wa wimbi alikuwa katikati yao akicheza kwa mabega, CD yake mkononi.

Mama wa nyanya alisimama, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja. "Kumbe ni watoto wetu!" alipaza sauti. "Na mnaimba hivi halafu mnanyamaza?"

"Mama, sasa nunua CD moja," wifi alimbembeleza.

"Nitaiweka wapi, mwanangu? Nimeshaushika wote kichwani." Lakini alitujazia mfuko wa nyanya, akakataa katakata tulipe, na muuza omena akaongeza fungu lake juu.

Nilitegemea nitaumia moyo, maana begi lilikuwa na CD arobaini na tisa. Sikuumia hata kidogo. Nilipomgeukia wifi tukitoka sokoni, alikuwa amejishika mbavu.

"Wifi," alisema akihema, "umeona yule mzee alivyotikisa mabega?"

Nikajaribu kumwiga mzee pale pale njiani, mfuko wa nyanya kichwani, na tukashindwa kutembea kwa kucheka.