Kilio cha Mbuzi Asiye na Nyama

Niseme mwenyewe mapema, kabla watu wa Kasenga, mtaa wetu hapa Uvira, hawajawaambia na kuongeza chumvi: mimi, mtu mzima mwenye diploma ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, iliyotundikwa ukutani, nilimlilia mbuzi wa ndani ya simu kwa sauti ya kweli, mlango wazi, jioni ya vita, hadi majirani wa avenyi yote wakaja kwetu na mikeka.

Ngoja nieleze, nisionekane mwehu kabisa. Mimi ni mtu wa nyumbani (mama anasema hata kuku wetu wanatembea kunishinda), na wakati ule vita ilikuwa imefunga barabara ya Fizi, hakuna kwenda wala kurudi, basi nikawa naishi ndani ya mchezo mmoja wa simu ambamo kila mchezaji ana mtu wake, ana shamba, ana jirani wa kugombana naye kwa sauti yake mwenyewe, na sisi vijana wa Uvira na wa bonde la Ruzizi tulikuwa tumejenga humo kijiji chetu. Yaya Bahati, ndugu yangu mkubwa, alikuwa na mbuzi kule kijijini, mbuzi mwenye kiburi, anakula viatu vya watu, na sheria ya mchezo ni kwamba mnyama analishwa na mwenyewe tu. Sasa yaya alikuwa ameenda Makobola kutafuta samaki wa biashara, vita ikamkatia njia, simu yake ikawa kimya, wiki zikapita, na mtu wake ndani ya mchezo akabaki amesimama karibu na zizi kama aliyesahau alichofuata. Nyumbani mama alikuwa ameacha kumtaja. Kisha mbuzi akafa njaa.

Hapo ndipo nikapata ile akili yangu: tumfanyie mbuzi kilio kikubwa, cha kuchekesha, kijiji kizima kije. Maana namjua yaya yangu, anaweza kuvumilia risasi lakini hawezi kuvumilia mtu amguse mbuzi wake. Kama yuko hai, na kama anapata rezo, mtandao wa simu, hata kidogo, atajitokeza tu ili agombe. (Hilo sikumwambia mtu.) Nikatuma tangazo kwa wachezaji wote, na kwake pia. Jamaa mmoja wa Sange, tunamwita Pasta kwa sababu hajui kunyamaza, akachukua mahubiri, wengine wakachimba kaburi na kulipamba, na mimi nikajipa cheo cha mjane wa marehemu.

Siku yenyewe, ndiyo tunaanza, namba ya Burundi nisiyoijua ikanipigia. Nikakata. Ikarudi. Nikakata tena, nikawaambia wenzangu kuna mtu asiye na adabu anasumbua watu kwenye msiba.

Nikaanza kulia, kwa adabu, chini chini. Pasta akanikatiza: "Mujane, unalia kama mutu anasoma gazeti. Lia kama kwetu."

Mtu akinichokoza hivyo mimi sina breki. Nikasukuma ekuter ndani ya masikio, nikafunga macho, nikaachia: umetuacha na nani, ulisema unaenda na kurudi, tutamuambia mama nini. Nilianza kwa mchezo, lakini katikati sauti ikanigeukia, nikajikuta simlilii tena mbuzi.

Na kwetu mnajua ilivyo. Kilio kikisikika kwenye parseli, uwani kwa mtu, hakuna anayeuliza. Wamama wanafunga kitenge kiunoni wanakuja, wanaume wanabeba viti na kuni, maswali baadaye. Na avenyi yote ilijua nyumba yetu inangoja habari gani. Mimi na ekuter zangu sikusikia kitu, mpaka mikono mizito ikanikumbatia toka nyuma: Mama Neema, muuza makala (mkaa wa kupikia) tunayepakana naye ukuta, analia "Bahati wetu, Bahati wetu," na katika kunikumbatia huko akang'oa waya wa ekuter kwenye simu.

Sauti ya Pasta ikajaa nyumba: "Marehemu alikuwa mukulaji. Alikula viatu vyangu, alikula kofia ya shefu wa kijiji, na leo udongo unamukula yeye." Halafu vicheko vya kijiji kizima.

Nikafungua macho. Chumba kimejaa watu, mikeka imetandikwa, sufuria ya maharage iko mlangoni, nje kuni zinapasuliwa.

"Nani amekufa?" Mama Neema akauliza, pole pole.

"Mbuzi."

"Muko na mbuzi?"

"Ya ndani ya simu, mama."

Mzee mmoja aliyebeba viti viwili kichwani akavishusha kimoja kimoja. Nikaangalia dirisha, nikapima kama mwili wangu unapita.

"Na mama yako?" akasema Mama Neema. "Tumeshatuma mutu na moto amufuate sokoni."

Moto, yaani pikipiki, ikalia langoni kabla sijajibu. Mama akaingia na ndara moja mguuni, magamba ya ndagala, dagaa wa sokoni, bado mikononi, halii, ananiangalia mimi tu usoni.

"Wamemuleta?"

Mimi, na diploma yangu yote, nikamwonyesha simu kwa kidole.

Ndipo kwenye simu, pale chini kwenye mkeka, mtu wa yaya aliyesimama wiki zote kama mti akageuka, akatembea hadi kaburini, na sauti ikatoka:

"Nani ameua mbuzi yangu?"

Mama akapiga magoti. "Bahati?"

"Mama? Weye pia uko mu huu muchezo?"

Sijui nani alipiga kigelegele cha kwanza, ila najua sikuona tena simu yangu, ilipita mikono yote, kisha mtu akaitumbukiza ndani ya sufuria tupu ya Mama Neema ili sauti ikue. "Niko muzima," yaya akawa anasema toka sufuriani, "nimepanda mulima, huku rezo ya Burundi inafika, nimepata karte yao ya simu leo, ya mama imezimwa, na huyu mujinga namupigia ananikatia." Mama alicheka hadi kitenge kikalegea, amekaa kwenye mkeka uleule wa msiba. Maharage yakapikwa, moto wa kuni ulikuwa umeshawaka. Mama akaongeza ndagala zake, vijana wakaleta ngoma za kanisa, na Pasta akaombwa na wamama wa Kasenga arudie mahubiri toka kwenye viatu. Hakuna mbuzi mwenye nyama aliyewahi kuzikwa hivyo mji huu.

Barabara ilipofunguka yaya alirudi, amekonda, na kabla hajakaa akadai mbuzi mwingine. Nimempa. Na nimeapa: kilio chochote cha simu, naandika kwa vidole, mdomo umefungwa.

Ila asubuhi ile baada ya kilio nilimrudishia Mama Neema sufuria yake, nimeiosha inang'aa, nikaanza kuomba radhi kwa Kifaransa kizuri cha shule. Akaipokea, akaigeuza kuangalia kama nimeisugua chini, akasema:

"Weye, siku utakufa kweli, tutakupigia kwanza simu. Na usikate."