Mama Kidole na Kaa wa Mkwe

Mama yangu hakuitwa Mama Kidole kwa kunyooshea watu vidole, ingawa hilo nalo analiweza. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kidole gumba cha mkono wa kulia, ambacho kimefanya kazi kwenye kituo cha kununulia kaa tangu mimi nabebwa mgongoni. Mtu akileta kaa wake, mama anashika kaa mmoja mmoja kwa nyuma, mahali ambapo magando hayafiki, anamgeuza, anambonyeza upande wa chini, karibu na mguu unapoanzia. Gamba likigoma, huyo kajaa nyama, anaingia kwenye kreti. Likibonyea hata kidogo, anarudi kwa mwenyewe. Hakuna rufaa. Hata mwenye kituo akitaka kubisha huwa anakohoa kwanza.

Niwaeleze jambo hili vizuri, maana bila hilo mtamwona mama yangu mkorofi bure. Kaa hakui kama mimi na wewe. Gamba lake halitanuki, kwa hiyo akitaka kuongezeka lazima atoke ndani yake: analipasua kwa nyuma, anajivuta taratibu, anachomoa mguu mmoja baada ya mwingine, anatoka laini kama ini. Akishatoka anajijaza maji mpaka anavimba, na gamba jipya linakazana juu ya uvimbe huo. Sasa kwa wiki kadhaa una kaa mkubwa, msafi, anang'aa, meno ya gando makali, na ndani ni maji matupu. Nyama inakuja baadaye, polepole, kwa kula. Mama huwaita hao wenye koti la kuazima. Kaa wa kununua ni yule mchafu, mwenye gamba lenye madoa na meno yaliyosagika kwa kazi, lakini mgeni wa shughuli hii atamwacha huyo na kumkimbilia yule mrembo.

Na baba mkwe wangu alikuwa mgeni wa shughuli hii. Maisha yake yote alikuwa seremala, fundi hasa, milango yake mpaka leo haina kelele. Alipostaafu akaona kukaa tu kutamuua, akanunua mitego ya kaa. Wakati huo alikuwa bado hajawa mkwe kamili. Mimi na mwanawe tulikuwa tumeshakubaliana, mama alishamtazama kijana, akamuuliza maswali yake, kisha akamwambia mzee wazi kwamba mwanao anafaa. Kilichobaki ni wazee kukaa na kupanga tarehe ya ndoa.

Mzee akaona aje na heshima zake. Akawa anachagua kutoka kwenye mitego yake kaa wakubwa kupita wote, wasafi kupita wote, anawatenga kwa ajili ya kituo cha mkwe wake. Asubuhi moja akaingia na beseni mbili, shati limenyooshwa pasi. Mimi nilikuwa pembeni nafunga magando kwa kamba, kazi yangu ya kila siku. Nilipochungulia zile beseni, moyo ukanishuka. Kaa walikuwa wanang'aa kama sahani za wageni.

Foleni ilikuwa ndefu, na mama alikuwa ameshawarudishia watu kaa wao tangu asubuhi. Mzee akasalimia, mama akaitikia kwa adabu zote, akamshika kaa wa kwanza. Akabonyeza. Akamweka upande wa kushoto, upande wa wanaorudi. Wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto. Beseni ya kwanza ikaisha hivyo, mzee anatazama ule mkono kama mtu anayeibiwa mchana kweupe.

"Mama, huyo si ndiye mkwe?" akasema mvuvi mmoja nyuma. "Legeza kidogo."

"Kidole changu hakina mkwe," mama akajibu, akavuta beseni ya pili.

Na hiyo nayo ikaenda kushoto yote. Akamaliza, akafuta mikono, akamwambia mzee kwa sauti ya chini, "Hawa wamejivua juzi juzi, mkwe. Hawana kosa, hawajajaa tu. Usiwarudishe majini. Niachie, nitawalisha hapa, wakijaa utakuja kuuza."

Mzee akaziacha beseni pale pale, akatoka, na mimi hakuniaga. Jioni mchumba wangu akanipigia simu, sauti imempoa. "Baba anasema tusubiri kwanza," akasema. Nikamuuliza tusubiri nini, akasema hata yeye hajui.

Basi nilirudi nyumbani nimefura. Mama alikuwa anakatakata vitunguu, hana habari.

"Ulishindwa nini kumwita pembeni?" nikamuuliza.

"Nikimwita pembeni, wale walio nyuma yake nawaambia nini?"

"Unawaambia ni mkwe wako."

"Wale wote ni wakwe za watu," akasema, na kisu hakikusimama.

Nilinuna siku nyingi, na nikinuna mimi, nyumba nzima inajua. Mama akaendelea na shughuli zake. Kaa wa mzee aliwaweka kwenye visanduku nyuma ya kituo, kila mmoja chumba chake, kwa sababu hawa viumbe hawana undugu; mmoja akimkuta mwenzake kalegea anamgeuza mlo. Mchana, wafanyakazi wenzake wakienda kula, mama anakwenda kuwalisha vipande vya samaki. Nilimwambia sitamsaidia, na sikumsaidia.

Siku moja nilikwenda nyuma kuchukua kamba, nikamkuta ameinamia kisanduku kimoja. Hakuniona. "Kula, baba," alikuwa anamwambia kaa. "Kula, usiniharibie mtoto wangu." Nikarudi nilikotoka bila ile kamba. Kumbe muda wote huo na yeye roho ilikuwa juu, na bado asingebadilisha neno lake hata kwa ajili yangu. Hasira ikaniisha pale pale. Kuanzia siku hiyo nikawa nakata samaki mimi.

Kaa wakaanza kuchafuka, wakawa wazito. Mama alipoona wako tayari, akampelekea mzee ujumbe kupitia kwa mchumba wangu. Tukakaa roho mkononi. Asubuhi iliyofuata mzee akaja, akasimama mwisho wa foleni kama mtu yeyote, hataki kupitishwa mbele. Zamu yake ilipofika, nikaleta kaa wake kutoka kule nyuma, mama akaanza. Kulia. Kulia. Kulia. Kreti ikajaa. Akafika kaa wa mwisho, mkubwa kuliko wote, akabonyeza, akabonyeza tena, mimi nikaacha kupumua. Akamweka kushoto.

"Huyu bado," akasema.

Foleni nzima ikamgeukia mzee. Mzee alimtazama yule kaa, akamtazama mama, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Jamani, huyu mama alinikatalia mbele yenu," akawaambia watu, "na leo kanikatalia tena. Mimi nikaenda nyumbani kununa, nikasahau kitu kimoja. Huyu huyu ndiye aliyemtazama mwanangu kwa macho hayo hayo, akaniambia anafaa. Nani mwingine angeniambia hivyo nikamwamini?" Kisha akamgeukia mama. "Mkwe, tukae tupange tarehe."

Mama hakuinua kichwa. Alishamshika kaa wa mtu mwingine.

"Ngoja nimalize foleni," akasema. Na mimi pale pembeni, kamba mkononi, machozi yananitoka mbele za watu, sikutamani kuwa binti wa mtu mwingine yeyote.