Nilimtengenezea mzee wa Usoke sura ya marehemu mkewe kwa AI, na haikuwa yake

Wakuu, salaam kutoka Tabora, huku leo jua limeamua kutukaanga.

Siuzi kitu na sina link ya kuwapa. Kwa miaka nimekuwa msomaji tu humu, nyuzi za simu na AI nazipitia zote lakini sichangii. Juzi mdau mmoja kaandika kwamba AI ya picha haina madhara yoyote, "inaboresha tu". Nikaona niweke hapa kilichonipata. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mtu wa hovyo.

Nina kiduka mtaa wa Chemchem. Passport size, fotokopi, kuchapa barua, laminesheni, fremu. Kazi za kawaida.

Kwa wasioijua hii biashara, siku hizi nusu ya kazi ni kubembelezana na sura za watu. Simu zenyewe zinamlainisha mtu kabla hajaomba, kwa hiyo akija kwangu akapigwa na kamera ya kweli anashtuka. Kuna mama alikataa passport yake, akasema nimemzeesha. Nikamwambia, "Mama, hii kamera haikupendi wala haikuchukii." Akaenda kwa jirani.

Sasa ilipoingia ile trend ya kufufua picha za zamani, nami nikaingia. Unaipa app picha iliyochakaa, inakurudishia mtu anang'aa kama kapigwa asubuhi hiyo. Ukitaka anapepesa macho na kutabasamu. Nikabandika tangazo mlangoni: TUNAREJESHA PICHA ZA WAZEE WETU.

Ndipo akaja mwalimu Naomi.

Naomi anafundisha shule ya msingi huko kwao Usoke. Alibeba fremu ndogo ya mbao, ameifunga kwenye kitenge. Ndani kulikuwa na picha ya mama yake, Foibe, aliyefariki Naomi akiwa na miaka mitatu. Ndiyo picha pekee ya marehemu iliyobaki, ilikuwa inaning'inia chumbani kwa baba yake, Mzee Eliya, mkulima wa tumbaku.

Familia ilikuwa inajiandaa na ibada ya kuweka jiwe la kaburi. Ndugu wa Dar walitaka picha kubwa ya kuweka mbele, na fulana za kuvaa siku hiyo.

"Fundi, baba kanipa kwa shida sana," Naomi akasema. "Kaniambia irudi kama ilivyo."

"Usijali mwalimu. Itarudi nzuri kuliko ilivyokuja."

Hiyo kauli nimeikumbuka mara nyingi.

Picha ilikuwa imefifia na ina madoa ya maji, lakini sura ilionekana, mdomo umefumbwa. Tatizo ilikuwa imegandamana na kioo. Wenzangu wa kazi hii mnajua, picha ikikaa miaka mingi ukutani kwenye unyevu inashikana na kioo kama ngozi. Kanuni ni kuiskani hapohapo kwenye kioo, usiiguse.

Kanuni naijua. Lakini kioo kilikuwa kinaakisi taa, skani inatoka na mng'ao, na mimi nilikuwa na wateja wawili wanasubiri. Nikaazima kikausha nywele saluni ya jirani, nikaipasha moto, nikaingiza wembe pembeni taratibu.

Ikaachia vizuri hadi katikati. Halafu nikasikia kama karatasi inavyochanika ikiwa imeloa.

Nilipoinua, shavu la kushoto, nusu ya mdomo na jicho moja vilikuwa vimebaki kwenye kioo. Nikajaribu kuvikwangua, vikawa unga.

Wakuu, sikutetemeka wala nini. Nataka niwe mkweli hapa. Nilichowaza ni kimoja tu: si kitu, app itajaza.

Na ikajaza kweli. Dakika moja haikufika. Nilitia nusu uso ikatoka mama mzima, mzuri, ngozi laini, macho mawili yanalingana, meno meupe yamepangika. Nikaongeza na video, anapepesa macho, anageuka kidogo, anatabasamu.

Kioo nikakitupa. Ile picha ya asili nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa gundi.

Naomi alipokuja kuchukua alisimama mbele ya kaunta, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. "Kumbe mama alikuwa mzuri hivi," akasema. Akairudia ile video sijui mara ngapi. Bahasha hakuifungua. Alinikumbatia, akaniomba nije Usoke kwenye ibada kama mgeni wa familia, na nisaidie kupiga picha.

Jioni hiyo akaiweka status. Ndugu wa Dar wakaibeba. Ndani ya siku chache nikawa napokea watu wametumwa na watu nisiowajua, kila mmoja na bibi yake kwenye mfuko wa nailoni. Nilijiona nimefika.

Siku ya ibada nikaenda Usoke na kamera yangu.

Picha kubwa ilikuwa imewekwa uani, karibu na kaburi, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, imezungushiwa maua. Ndugu karibu wote wamevaa fulana, yule mama kifuani kwa kila mtu. Watu wanapiga selfie na picha. Mzee Eliya alikuwa ndani anavalishwa koti, alikuwa bado hajaiona. Walitaka iwe surprise.

Wakamtoa. Mzee mrefu, mkavu, anatembea bila mkongojo. Wakamsimamisha mbele ya meza, simu zote juu, wanasubiri alie wapate video.

Akaangalia. Akasogea. Akaangalia tena.

"Huyu ni nani?"

Watu wakacheka kidogo, ile ya kumsaidia mzee. Naomi akamshika mkono. "Baba, ni mama huyu. Wamemrejesha."

"Mama yako alikuwa na mwanya," mzee akasema. "Na hili jicho lilikuwa dogo kuliko jingine. Huyu simjui."

Kaka mkubwa, wa Dar, akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee macho yamechoka. Mchungaji akaanzisha wimbo. Simu zikashuka moja moja.

Lakini mzee hakuimba. Wimbo ulipoisha akasema, "Naomi, nipe ile yangu."

Naomi akaenda kuleta bahasha. Akaichana mbele yetu, akatoa picha, na nikaona uso wake unavyobadilika. Upande mmoja kulikuwa na karatasi nyeupe tu. Mzee akaichukua, akaishika mbali, akaishika karibu.

"Haikuwa hivi."

Naomi akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Mzee, ilikuwa imeshaoza kwenye kioo. Ilikuja hivyo."

Ndivyo nilivyosema, wakuu. Kwenye kaburi la mtu, na kamera shingoni.

Mzee akaitia picha mfuko wa ndani wa koti, ibada ikaendelea. Chakula sikula. Nilipiga picha zao nikaondoka na gari la kwanza.

Niwe wazi kwamba hakuna aliyenifuata wala kunitishia. Naomi hakupiga simu. Ingeishia pale. Lakini kila mteja aliyeweka picha ya mtu kaunta, nilikuwa naangalia kwanza mdomo na jicho la kushoto. Baada ya wiki moja hivi nikafunga duka mchana, nikarudi Usoke.

Nilimkuta Mzee Eliya uani anachambua majani ya tumbaku, Naomi yuko shule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi wa picha. Kaa."

Nikakaa kwenye gunia, nikamweleza yote. Kikausha nywele, wembe, kioo, bahasha. Sikuacha kitu. Yeye anaendelea kupanga majani, mabovu huku, mazuri huku.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua. Picha nimeiangalia kila siku ya Mungu, nisijue ilivyokuwa?"

"Naomba unisamehe mzee."

"Hilo tutalifikia. Nikwambie kinachonisumbua." Akaacha majani. "Mimi nikifumba macho nilikuwa namwona. Sasa nikifumba, anakuja yule wa kwako. Na meno yake. Namfukuza, anarudi. Wameweka kwenye fulana, wameweka kwenye simu, mjukuu ananionyesha anacheka. Nimeshaanza kusahau mwanya ulikuwa upande gani."

Nilikuja nimejiandaa kutukanwa, hili sikujiandaa nalo.

Nikamuuliza kama hakuna picha nyingine kabisa, hata ya kundi, hata ya harusi ya mtu. Akasema hakuna. Akarudi kwenye majani. Kisha akasema Foibe alikuwa anaimba kwaya kanisani, Moravian, na kuna mwaka waliwahi kwenda kuimba Tabora mjini, akarudi analalamika kwamba wamepigwa picha na yeye hakupewa.

Naomi aliporudi kutoka shule, nikarudia maungamo yangu kwake. Yeye hakuwa mpole kama baba yake. Aliniambia maneno ambayo niliyastahili na sitayaandika. Alipomaliza, akatoa simu.

Hapa niseme kitu kwa wale wanaodhani nimekuja kuponda teknolojia. Naomi alirekodi voice note moja akiulizia ile picha ya kwaya, akaituma kwenye group la WhatsApp la akina mama wa kanisa. Akina mama wakaisambaza kwenye magroup mengine. Siku ya tatu ikarudi sauti ya mama mmoja mtu mzima, anaongea Kinyamwezi kilichochanganyika na Kiswahili, yuko Isikizya. Aliimba na Foibe. Anayo picha.

Tukaenda, mimi na Naomi.

Mama Rahel, ndivyo nimwite, alitupokea kwa salamu ya "mwangaluka" na viti vya plastiki. Akaleta albamu, ile ya kurasa za nailoni. Safari hii sikugusa kitu. Nilimwomba afungue mwenyewe.

Wanawake kama ishirini, safu tatu, vitenge vya sare. Wote wameangalia kamera, wamenyooka. Isipokuwa mmoja, safu ya nyuma, kageuka kwa jirani yake, mdomo wazi, anasema kitu. Uso umekaa upande, na kilemba cha wa mbele yake kimemficha kidevu.

"Huyo hapo," Mama Rahel akaweka kidole. "Mpiga picha alituambia tunyamaze. Foibe alikuwa hanyamazi."

Naomi akaiangalia muda mrefu. "Na mwanya upo," akasema.

Niliipiga ikiwa ndani ya albamu, karibu na mlango penye mwanga, mara nyingi hadi nikaridhika. Nyumbani nikaikuza. Imetoka na chengachenga, ukisogea karibu unaona nukta tu. Niliifungua ile app, kidole kikawa juu ya kitufe. Sikubonyeza. Nikaprinti ilivyo.

Tukampelekea mzee. Safari hii hatukumsimamisha mbele ya watu na hakuna aliyeinua simu.

Aliipokea, akaisogeza kwenye mwanga. Halafu akacheka, wakuu. Kicheko cha mtu aliyekutana na mtu.

"Ndiye. Mwangalie, anasengenya." Akaigonga kwa kucha. "Mwanya juu, upande wa kulia. Nilitaka kusema kulia."

Akaanza kutuhadithia Foibe alivyokuwa akianza kuongea tangu kisimani hadi mlangoni, hadi maharage yanaungua. Naomi alikuwa amekaa chini anasikiliza. Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Nikamuuliza mzee ile picha kubwa tuifanyeje, nikidhani atasema ichomwe.

"Ya nini kuchoma? Wapelekeeni wa Dar. Wao wameshamzoea."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kaka mkubwa bado anayo kwenye profile, na kila mwaka wanamtakia "pumzika kwa amani" mwanamke ambaye hakuwahi kuishi. Sina neno. Mimi ndiye niliyemtengeneza.

Nilichojifunza si kikubwa. Kazi ya kurejesha picha bado naifanya, watu wanaipenda na mimi nina watoto wa kulisha. Ila siku hizi picha iliyoshikana na kioo inabaki kwenye kioo. App nikiitumia, namwonyesha mteja zote mbili, namwambia sehemu gani ni ya mtu wake na sehemu gani imebuniwa. Na nauliza swali moja kabla: kuna mtu yeyote aliye hai aliyemjua? Kama yupo, aitwe kwanza.

Wateja wengine wanakasirika. Wengi kwa kweli wanachagua ile iliyobuniwa. Hilo ndilo linalonitatiza na ndilo nililotaka tulijadili. Mtu akijua kwamba si sura ya mama yake na bado akaitaka, fundi unafanyaje? Kuna mwenye uzoefu? Wabishi pia mkaribie, nimekaa.

Siku ile tunatoka kwa mzee nilimuuliza Naomi yeye ataning'iniza ipi kwake.

"Kaka, mimi nilikuwa na miaka mitatu," akasema. "Simkumbuki huyu wala yule. Kwangu wote wawili ni wageni."

Tukatembea kidogo.

"Nitachukua huyu anayeongea. Angalau baba ananitafsiria anachosema."