Jani la Kapteni

Msinicheke. Nina shahada mbili, miwani yangu ni mipya, na siku hiyo sikuwa nimeonja pombe ya mbege. Niliyoyaona niliyaona.

Mwenye hoteli moja kule Marangu alinunua picha ya zamani ya kapteni wa jeshi la Waingereza, wa miaka ile kabla Wajerumani hawajaweka bendera yao mlimani. Masharubu, medali, jicho moja dogo kuliko jingine. Akaniomba niandike ukurasa wa kutundika chini yake, watalii wausome wakisubiri supu.

"Mwalimu, andika mazuri mazuri," alisema. "Watu wako likizo."

Mazuri yalikuwepo. Kapteni alipigana India akapewa medali, akapigana Sudan akapewa nyingine, kisha akaja huku kuwinda tembo na kuchora ramani. Lakini lipo jambo moja ambalo ukoo wa mama yangu haujalisahau. Wapagazi wake waligombana na watu wetu, na wazee wakampelekea jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Uchaggani, anayekuletea isale anaomba msamaha. Ukilipokea umesamehe, na kosa halitajwi tena. Kapteni alilipokea, akalichomeka kwenye kofia kama pambo, na kesho yake akachoma nyumba zote za mteremko ule. Bibi yake mama alizaliwa siku hiyo chini ya mgomba, na aliyemzaa hakuamka.

Mama ana miaka themanini na kitu. Alitaka sentensi moja ya jambo hilo itundikwe ukutani chini ya picha kabla hajafa, nami nikamwahidi.

Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, nilitoka kwake nikishuka kwa miguu kutafuta gari la Himo. Ukungu ulikuwa mzito. Kwenye kona ya mfereji alisimama mzee wa Kizungu, koti zito, buti kavu kabisa ingawa njia nzima ilikuwa tope. Nikadhani ni mtalii aliyepotezana na mwongozaji wake. Nikamwamkia shikamoo. Ungefanya nini wewe?

Hakuitikia. Alisema taratibu, "Wewe ndiye unayeniandika." Jicho moja lilikuwa dogo kuliko jingine. Akaninyooshea jani la isale, limefungwa fundo.

Niamini, nilikuwa na hotuba nzima kwa ajili ya mtu kama yule. Nimeitoa kwenye makongamano matatu. Lakini mikono yangu ililelewa na mama. Mkubwa akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili. Nikapokea. Ukungu ukapita kati yetu, akawa hayupo, na kwenye tope kulikuwa na nyayo zangu tu.

Nilirudi mbio. Mama alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Nikamweleza.

"Umelipokea?"

"Nimelipokea."

"Kwa mikono miwili?"

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha kupokea vyako." Aliendelea kukata. "Wewe alikuchomea nini, mahindi?"

Wazee wa ukoo walikaa kikao. Walisema msamaha ule haukuwa wangu kuutoa, lakini isale ikishapokewa imepokewa. Sentensi isiende ukutani mpaka nimrudishie jani lake mkononi. Haya nawasimulia kwa ruhusa yao, ili mjihadhari.

Huu ni mwaka wa pili. Kila Jumamosi napanda kutoka Moshi, nasimama pale konani mpaka giza linaingia, jani mfukoni. Nasikia buti nyuma ya migomba, nageuka, hakuna mtu. Usingizi umenihama. Picha inaning'inia hotelini bila neno, na watalii wanajipiga picha nayo kwa sababu ya masharubu. Mama hatembei tena. Huniuliza kutoka kitandani kama amekuja, namwambia bado.

Kwa hiyo nisikilize. Ukikutana na mgeni ukunguni akakunyooshea isale, ficha mikono, hata ukionekana huna adabu. Mwambie alipeleke kwa wenyewe, kule juu. Njia anaijua, aliwahi kufika na moto.