Ramani Iliyotuhamisha Ng'ambo ya Kijito

Ramani za baba yangu zilinuka. Alizihifadhi katika bomba la bati juu ya kabati, na kila alipolifungua, nyumba yetu ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa madini, ilijaa harufu ya dawa ya kuchapia ramani, vumbi na mkojo wa panya. Mama alikimbilia madirisha, akiuliza kama mtu hawezi kuleta kitu kingine kutoka kazini, sabuni kwa mfano. Baba alikuwa mchoraji katika ofisi ya wapima ardhi ya kampuni ya madini, na ofisi ilipozitupa ramani zilizochorwa wakati wa Wabelgiji, yeye aliziokota zote. Mimi peke yangu ndiye niliyezipenda. Nilijifunza humo kwamba mistari ya kahawia iliyosongamana ni mlima, iliyoachana ni tambarare, na vidoti vyeusi ni nyumba za watu. Niliweza kukaa saa nzima nikiwahofia wenye nyumba iliyochorwa peke yake, mbali na nyingine. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na shahada ya chuo kikuu haijaniponya.

Kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na miwili, habari ilitufikia kutoka Mulowa, kijiji chetu nje ya barabara ya Fungurume, kwamba bibi yangu, ambaye sote tulimwita Kambo, alikuwa karibu kunyang'anywa bustani yake. Ilikuwa bondeni, ukingoni mwa kijito, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu hata mwezi wa nane, nyasi zote zikiwa zimeungua. Kabichi, maharagwe na viazi vitamu vya pale ndivyo vilivyomlisha hadi mvua. Sasa watu wa Kapwasa, kijiji cha ng'ambo, walidai kwamba zamani wao ndio walioishi upande wetu, hivyo ukingo ule ni wao. Chifu wa vijiji vyote viwili alikuwa ametangaza siku ya kuamua. Baba alisema ramani itamaliza maneno, kwa kuwa ilichorwa kabla ya ugomvi. Hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo alinituma mimi, msichana wa kwanza darasani katika jiografia, juu ya magunia matupu ya makaa katika lori la rafiki yake. Alikuwa na hakika mno hata hakuifungua kwanza.

Mimi niliifungua njiani, gurudumu lilipopasuka. Nilikitafuta kijito, nikakipata. Nikatafuta vidoti vya upande wetu, navyo vilikuwapo. Kando yake, kwa herufi nzuri zilizolala, kulikuwa kumeandikwa Kapwasa. Ng'ambo kuliandikwa Mulowa. Tangu hapo hadi kijijini nilifikiria njia zote. Kuimeza: ilikuwa na upana wa meza. Kuisahau karibu na mbuzi: mbuzi wenyewe wangeikataa kwa harufu. Kusema ililoweshwa na mvua: hapakuwa na wingu Katanga nzima. Mwishowe nilipata wazo ambalo bado linaniaibisha. Ramani ikigeuzwa kichwa chini, kila jina hurudi upande wake. Wazee hawasomi sana, nilijiambia.

Siku ya hukumu tulikutana penye bustani yenyewe. Watu wa Kapwasa walivuka makusudi, wakakaa karibu na kabichi kama watu waliokwisha kuzirithi. Nilitandaza ramani mkekani mbele ya chifu, kichwa chini, nikauonyesha upande wetu kwa kijiti. Kwa bahati mbaya Kapwasa walikuwa na katekista, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinama, akatazama, kisha akaigeuza ramani taratibu, kama anayemgeuza mtoto aliyelala vibaya.

"Binti," akaniuliza, "kule kwenu Kapata banasomaka kichwa chini?"

Akasoma majina kwa sauti, mara mbili. Wanawake wa Kapwasa walipiga vigelegele, na kijana wao mmoja akang'oa kabichi papo hapo. Nilitamani kijito kinichukue, lakini kiangazi kile hakikuwa na maji ya kuchukua hata chura.

Ndipo Kambo aliposimama. Alijifunga upya kitenge chake, akaomba ruhusa kwa chifu, akasema ramani haikukosea, ila ilidanganywa. Alikuwa bibi arusi mpya pale Mulowa siku mzungu wa kupima ardhi alipofika na karani wake. Enzi zile, kila mwenye karatasi alifuatwa baadaye na mwenye kuchukua wanaume wa kutengeneza barabara.

"Tata-mukwe wangu, baba ya bwana yangu, ndiye alijibu," alisema. "Alimuambia karani: hapa ni kwa Kapwasa. Bakirudia kutafuta batu, baende kwao."

Watu wetu walitazama miguu yao. Mzee wa Kapwasa aliinuka akaeleza kwa kirefu jinsi uwongo ulivyo kwenye damu ya Mulowa tangu watu walipoumbwa. Kambo alimsubiri amalize.

"Na nyinyi, tata," akamwuliza kwa adabu, "karani alipovuka, mulimuambia nini?"

Mzee alikohoa. Alikuwa mtoto mdogo, alisema, na mambo ya watoto husahaulika. Mke wake, aliyekaa nyuma yake, ndiye aliyeangua kicheko, akacheka mpaka akaangukia viazi vitamu vya Kambo.

"Sema tu," alimwambia. "Kila siku unatusimuliaka ile habari ku moto, unasifu baba yako."

Ikabidi aseme. Baba yake naye alikuwa amejibu: hapa ni kwa Mulowa. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini waongo wetu wawili walikuwa wametembea miaka hamsini na zaidi, wakapishana katikati ya kijito bila kusalimiana. Chifu alijipangusa machozi ya kicheko kwa kofia.

"Karatasi hii muliidanganya bote babili," alisema. "Sasa itamusemea nani?"

Akaamua kwamba bustani ni ya jembe lililoilima, na kijana arudishe kabichi. Kambo alimwachia aende nayo.

Siku hizi nina digrii ya jiografia, chumba cha kupanga mjini, mtaa wa Manika, na simu inayonionyesha Mulowa kutoka angani: mapaa ya mabati, vichuguu, hata ukanda wa kijani wa bustani ile. Jina tu ndilo halipo. Zamani mtu alitembea kwa miguu wiki nzima ili aje kudanganywa. Sasa hakuna anayejisumbua hata kiasi hicho. Simu huniomba kwa upole nijaze jina linalokosekana. Nimeliandika na kulifuta siku nne. Nikiliandika, huenda kesho wakaja watu wa kutoboa ardhi kutafuta kobalti. Nisipoliandika, huenda siku moja mtu akaapa kwamba pale hapakuishi mtu. Mwishowe nilimpigia Kambo, ambaye sasa husikia kwa shida, nikamweleza kwa sauti ya juu kwamba panaulizwa jina la kijiji chetu, ili dunia nzima ikijue. Nilisikia kuku wake.

"Ni nani anauliza?" akasema.

Nilitafuta kila pembe ya kioo cha simu. Jina la anayeuliza halikuwa limeandikwa popote.