Mchumaji wa Pareto

Alikuwa mchumaji mwenzetu kwenye shamba la maua ya pareto la mzungu, milimani juu ya Ngungu. Kila alipopanda mteremko kidogo, alichuchumaa, akakumbatia magoti na kungoja pumzi imrudie. Midomo yake ilikuwa ya buluu tangu utoto, na ncha za vidole vyake zilivimba zikawa mviringo. Tulipomuuliza anafanya nini pale chini, alijibu kwa vipande: “Niko nasalimia... udongo.” Kisha akacheka bila sauti. Muuguzi alishasema kwamba moyo wake haufikishi damu ya kutosha kwenye mapafu, asipande milima. Lakini kazi ilikuwa ya lazima, na kapita, msimamizi wetu, aliona uvivu tu. Asubuhi moja alimsimamia na fimbo.

“Leo hakuna kuchuchumaa mupaka umalize mustari.”

Akachuma akiwa wima, midomo ikizidi kuwa nyeusi. Mwisho wa mstari akatua kikapu.

“Papa Kapita, nimemaliza. Sasa... niko naomba... kuchuchumaa.”

“Chuchumaa.”

Akachuchumaa, akakumbatia magoti, na hakuinuka. Elisabeth, aliyechuma kando yake, alipomgusa bega, mwili wake ulianguka ubavu ukiwa bado umejikunja. Kapita akatuambia tumtoe haraka, analalia maua.